Kifua cha Mwalimu wa Kwaya

Mukuyuni,
14 Januari 1996

Kwako dada Nzilani,

Pokea salamu za nyumbani. Mama ananiambia nikuandikie kwamba goti lake limepona, lakini jana nilimwona akishuka shambani kinyumenyume, kwa hiyo pokea habari hiyo ukijua imetoka kwa nani. Ndengu tumevuna, kunde zinamalizika. Mahindi ya bondeni yalipata maji, ya huku juu yalikauka yakiwa yamechanua. Duka linaenda. Watu wanajenga, na anayejenga hawezi kukwepa misumari. Kwaya yetu imechaguliwa kuimba kwenye mashindano mjini Wote mwezi wa pili, na mimi ndimi ninayesimama mbele, basi tuombee sauti ya tatu isipotee njiani kama mwaka jana.

Wazazi wa Mutindi kule Kilungu wamekubali harusi iwe tarehe 20 Aprili. Mbuzi wa ntheo, wale wa posa, walishapokelewa, uchumba umefungwa, kilichobaki ni kanisa. Mutindi mwenyewe anakusalimu. Bado anafundisha watoto wa nasari na bado anacheka kila kitu.

Kuna jambo nataka kukuuliza, wewe kama muuguzi wa thieta, unayeshinda kwenye upasuaji. Si langu. Ni la rafiki yangu, kijana wa makamo, mnene kidogo tu, ambaye kifua chake kimetoka kama cha msichana wa darasa la nane. Jambo hili linamtesa kuliko ninavyoweza kuandika. Havai shati peke yake. Huvaa fulana, shati, na koti juu, na jua la huku unalijua. Amesoma gazetini kwamba Nairobi kuna daktari anayenyonya mafuta kwa mrija mwembamba, mtu akiwa macho, kwa sindano za ganzi tu, na siku hiyohiyo anarudi kwake. Ni kweli? Na kuna hatari gani? Rafiki yangu angependa liishe kabla ya Aprili.

Usimwambie Mama, maana atadhani ni mimi.

Ndugu yako,
Mutie


Kitui,
3 Februari 1996

Mutie, mwana wa mwaitu, wa mama mmoja,

Barua yako imefika na duara la kikombe cha chai juu yake, sijui ni wa posta au ni wewe. Sisi tuko. Baba Syombua amepeleka lori Garissa, hajarudi. Syombua ameingia darasa la tano na sasa anajua kila kitu, anatusahihisha hata tukiomba. Maji ya mfereji yanakuja siku yakitaka. Mwambie Mama nimesema asitudanganye kuhusu goti, na asipakwe mafuta na kila mtu anayepita.

Harusi imenifurahisha sana. Huyo msichana nampenda tangu alipokuja hapa akaosha vyombo bila kuuliza viko wapi.

Na pole kwa rafiki yako. Mwambie mtu anayevaa koti Mukuyuni mwezi wa kwanza, na mambo yake yote yanaishia Aprili, aje Kitui tumwone. Akija amletee dada yake ndengu.

Sasa nisikilize. Ni kweli, kazi hiyo ipo. Hapa hospitalini tuna daktari wa upasuaji, Daktari Samatar, mtu wa Wajir, anayekuja mara mbili kwa mwezi. Aliisomea ng'ambo. Huchanganya dawa ya ganzi na maji mengi ya chumvi, akaisukuma polepole chini ya ngozi mpaka pale mahali panakuwa pagumu na peupe, kisha ndipo anaingiza mrija. Mgonjwa anaongea naye muda wote. Mimi ndiye ninayekaa kichwani kwa mgonjwa na kumpima presha.

Lakini watu anaowarudisha nyumbani ni wengi kuliko anaowashika. Mwanamke akija akisema nipunguze kilo, anamrudisha, kwa sababu hii si kazi ya kupunguza kilo, ni ya kutoa mafuta yaliyojikusanya mahali pamoja kwa mtu aliye mzima. Mwenye moyo mbaya, mwenye ini bovu, mwenye damu isiyoganda, anawarudisha. Asiye na mtu wa kulala naye nyumba moja siku hiyo, anarudishwa hata kama ameshavua nguo. Ganzi ile inakaa ndani ya mafuta, inaingia kwenye damu pole pole, na inafika juu kabisa mgonjwa akiwa ameshaondoka kwetu. Ndiyo maana anapima kiasi kwa uzito wa mtu, na hazidishi hata ukilia. Nilimuuliza siku moja kwa nini anakataa watu hivyo. Akasema mkono wa kupasua aliupata baada ya miaka michache, ila ulimi wa kukataa bado anaufundisha.

Huyo wa gazetini sitaki kumzungumzia. Niliyoyaona nilipokuwa Nairobi siwezi kuyaweka kwenye barua.

Aje Ijumaa ya tarehe 16. Nitamwekea nafasi.

Dada yako,
Nzilani


Mukuyuni,
26 Februari 1996

Dada Nzilani,

Sasa unamjua rafiki yangu jina.

Nilifika salama, na Mama alifurahi kwa sukari na ile leso. Kule Wote kwaya yetu ilikuwa ya pili. Walioshinda walikuja na ngoma tatu na kinanda, sisi tulikuwa na Kivuva wangu wa dukani na kayamba yake, basi wa pili si haba. Mchungaji Musembi alisema mbele ya watu wote kwamba Mungu hakuniponya bure, aliniponya nije niongoze kwaya. Watu wakapiga makofi sana.

Daktari wako ni mpole lakini ana macho. Alinibonyeza kifua kama mtu anayechagua parachichi, akafumba macho, akabonyeza tena. Akasema kuna mafuta, ndiyo, lakini chini ya chuchu kuna kitu kingine kama kifungo, na mrija haunyonyi vifungo. Aliniuliza kilianza lini. Nikamwambia mwaka jana, pengine katikati. Aliuliza kama kinauma, nikasema kidogo shati likisugua. Akanipima uzito, akanitazama macho, akasikiliza moyo. Aliuliza mengi mengine, nami nikajibu. Amesema huenda ikawa tarehe 29 mwezi wa tatu, ila bado anafikiria.

Dada, asifikirie sana. Harusi ni tarehe 20. Hujui ilivyo mtu kusimama mbele ya kwaya ya wanawake na wasichana, unainua mikono kuwapa sauti, na unajua wanatazama nini. Fundi aliponipima suti ya harusi, kijana wake alicheka. Nilitamani ardhi inimeze. Na Mutindi hajui lolote. Sitaki ajue usiku wa kwanza.

Mutie


Kitui,
5 Machi 1996

Mutie,

Baba Syombua amerudi na homa, lakini ni malaria ile ya kawaida, anapata nafuu na tayari ameanza kulalamikia chakula. Mvua hapa imetishia tu. Hongera kwa mashindano ya Wote. Wa pili bila kinanda ni wa kwanza.

Daktari amenipa kazi. Anasema mtu akiwa amevua shati mbele ya mgeni hujibu lolote ili avae haraka, kwa hiyo nikuulize tena kwa maandishi, ukae dukani ufikiri, na unijibu kila swali. Je, umewahi kuzimia, kupata kifafa, au kuambiwa una shida ya moyo? Umewahi kuwa na macho ya manjano? Ukijikata, damu inakawia kukatika, na huwa unameza aspirini? Ni nani atakayekaa nawe baada ya operesheni, mpaka kesho yake? Na swali alilolipigia mstari: unameza dawa gani, za hospitali, za duka, au za mitishamba? Zote, hata zile mtu hazihesabu kuwa dawa. Dawa za fangasi, za tumbo, za kikohozi, zote.

Nijibu upesi. Tarehe 29 si mbali.

Nzilani


Mukuyuni,
19 Machi 1996

Dada,

Barua yako ilikaa kwa sanduku la shule zaidi ya wiki kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa kwenye semina na ufunguo. Mama anataka kujua homa ya Baba Syombua iliishaje. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Kwaya imeanza nyimbo za Pasaka, na sauti ya tatu imerudi kwenye mwendo wake wa kupotea.

Majibu yako ni haya. Sijawahi kuzimia wala kupata kifafa, moyo wangu ni mzima. Macho ya manjano sijawahi, ila utotoni ulinipeleka wewe mwenyewe zahanati kwa surua, sijui kama hiyo inahesabiwa. Damu yangu inakatika vizuri, wiki iliyopita nilijikata na bati na ikakoma kabla sijapata kitambaa. Aspirini simezi. Wa kukaa nami nitalala kwako, utakuwa wewe.

Nimemaliza. Mwambie daktari nitafika tarehe 28 jioni. Nimeshamwambia Kivuva afungue duka. Mwambie pia nimeacha mandazi, nisije nikaongeza mafuta ya kunyonywa.

Ndugu yako,
Mutie


Kitui,
24 Machi 1996

Mutie,

Nilikuuliza maswali matano. Umenijibu manne, na katikati yake ukaweka ng'ombe, mwalimu mkuu na mandazi ili nisione shimo. Nimeliona.

Usije tarehe 28. Jina lako nimelitoa kwenye orodha, mimi mwenyewe, na daktari amekubali. Nakuambia sababu waziwazi ili usiseme sikukuambia.

Daktari alishuku tangu siku ile alipokubonyeza. Mwanamume akianza kutoka kifua akiwa mtu mzima, jambo la kwanza anatafuta dawa. Kuna kidonge cha vidonda vya tumbo, cimetidine, kizuri kwa tumbo, lakini mwanamume akikimeza muda mrefu kifua kinaweza kuvimba, na kile kigumu cha chini ya chuchu ndicho kinachokuja. Kidonge hichohicho kinalichelewesha ini kuondoa ganzi mwilini. Kiasi ambacho kwa mtu mwingine ni salama, kwako kinaweza kuwa sumu. Ukikimeza, huna haja ya mrija, na mrija ndio utakaokuua.

Mwezi wa nane mwaka wa 94 nilikuwa nimekuja likizo. Nilikuwepo uwanjani Mukuyuni, mhubiri alipouliza nani ameponywa, ukapanda jukwaani ukasema vidonda vya tumbo vimekwisha. Nililia, na Mama alirusha leso juu. Sasa mwalimu wa kwaya aliyeponywa ataonekanaje akinunua vidonge vya tumbo? Nadhani unavinunua mbali, Machakos au Emali. Kama nakusingizia, niandikie neno moja, simezi, uweke sahihi, nami nitakuomba msamaha kwa magoti.

Mutie, sikuulizi Mungu alifanya nini. Nakuuliza wewe unameza nini.

Dada yako


Mukuyuni,
2 Aprili 1996

Nzilani,

Mama hajambo.

Umenitoa kwenye orodha kama mtu anayefuta jina la mtoro. Ulikaa hapo Kitui na vazi lako la thieta ukaamua mambo ya kifua changu, ya imani yangu na ya harusi yangu kwa barua moja. Mimi sikuja kwako kuungama, nilikuja kutibiwa. Wewe hujawahi kusimama mbele ya kanisa zima na watu wakamtukuza Mungu kwa sababu ya jina lako. Ungesimama ungejua kwamba hapo mtu hashuki akarudi akasema, ngojeni kidogo.

Nimewaambia watu wa Kilungu harusi isogezwe. Sababu sikuwapa. Baba yake Mutindi amenyamaza, na unajua Mkamba akinyamaza.

Nimepata daktari mwingine, Nairobi. Hakuniuliza maswali ya polisi. Aliniuliza nitakuja lini.

Mutie


Kitui,
6 Aprili 1996

Ndugu yangu,

Kesho ni Pasaka na nimeandika hii nikiwa zamuni. Naituma kwa mkono wa Jonah wa basi, akukabidhi mwenyewe, asimpe Mama wala Kivuva.

Nilisema yale ya Nairobi siwezi kuyaandika. Nayaandika. Nilikuwa wodi ya dharura. Mume mmoja alimleta mkewe asubuhi, mama wa watoto wawili, mzuri, amesukwa nywele vizuri. Siku iliyotangulia alinyonywa mafuta ya tumbo na mapaja kwenye kliniki ya mtu, sehemu nyingi kwa mara moja, akarudishwa nyumbani akiwa anatembea. Jioni alisema masikio yanalia na midomo imekufa ganzi. Kliniki ilikuwa imefungwa. Mume akamwambia alale, atapumzika. Alipofika kwetu alikuwa baridi. Yule mume alituuliza tu, lakini alikuwa anatembea, mbona alikuwa anatembea? Mpaka leo nikimwona mgonjwa ametembea vizuri kutoka thieta sifurahi kama wenzangu.

Nina hasira nawe na ninaogopa, vyote pamoja. Siwezi kukushika shati. Ukienda, basi usiende peke yako. Mwambie huyo daktari unameza nini, hata ukimnong'oneza. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni, ulimi mzito, masikio yakilia au mkono ukicheza wenyewe, usiende nyumbani, nenda hospitali yoyote iliyo karibu na useme umedungwa ganzi nyingi. Maneno hayo tu.

Mficha uchi hazai, Mutie. Na mimi nataka shangazi niitwe.

Nzilani


Mukuyuni,
26 Mei 1996

Dada Nzilani,

Ninajua umesikia kwa Mama, na ninajua Mama alikuambia ilikuwa malaria ya kichwa. Mama anajua ukweli. Anatulinda mimi na wewe kwa uongo mmoja.

Barua yako Jonah alinipa mkononi. Niliisoma dukani nimesimama, nikaiweka chini ya mizani, nikaenda Nairobi tarehe 18. Peke yangu. Asiyesikia la mkuu unajua mwisho wake, kwa hiyo usiniandikie methali hiyo.

Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Hawakunipima uzito. Msichana alinipa karatasi niweke sahihi, nikaweka. Daktari alikuwa na haraka lakini si mtu mbaya, alinitania kuhusu Wakamba na nyimbo. Akauliza, uko sawa? Nikasema niko sawa. Hilo ndilo swali peke yake nililoulizwa, na hata hilo sikulijibu kwa ukweli. Alidunga pande zote mbili, akaanza na wa kushoto. Niliona mafuta yangu yakipita mrijani, manjano, na nilifurahi, dada, kusema kweli nilifurahi. Halafu mdomo ukawa na ladha ya chuma. Nikamwambia. Akasema ni hofu. Masikio yakaanza kulia kama maiki iliyowekwa karibu na spika. Mkono wa kulia ukaruka wenyewe ukagonga sinia. Hapo aliacha. Walinifunga kitambaa, wakanipa chai, baada ya muda nikasikia nafuu, wakaniambia nirudi wiki ijayo kwa upande wa kulia.

Nilishuka Malili ili nipande gari la kwetu. Nikasimama pale barabarani nikagundua sijui ninakwenda wapi. Jina la Mukuyuni lilikuwa limenitoka. Niliingia duka la Aftin, yule ninayenunua kwake kamba na turubai, nikataka kumwambia maneno yako, kwamba nimedungwa ganzi nyingi. Ulimi ulisema nusu tu. Anasema nilianguka kwenye magunia yake nikatetemeka mwili wote. Alinipakia kwenye pikapu yake, akaacha duka wazi na mke wake Kaltun, akanipeleka hospitali Machakos, na njia nzima alirudia neno ganzi, ganzi, ili asilisahau kabla ya kufika. Neno hilo ndilo walilofanyia kazi.

Aftin alituma habari nyumbani, na Mutindi akafika jioni na Mchungaji Musembi. Nilikuwa nimeamka, nina mpira wa maji mkononi na mashine ya moyo kando. Mchungaji alisimama miguuni na Biblia, Mutindi kichwani. Daktari, msichana mdogo kuliko Mutindi, akaja akauliza, "Kuna dawa yoyote unatumia? Nataka kujua hii ganzi itakaa kwa mwili mpaka saa ngapi."

Dada, nilimtazama mchungaji. Nilifikiri, kama nikifa hivi, nitakufa nimeponywa. Hilo wazo lilinijia kweli, na lilionekana zuri. Halafu Mutindi akasema, "Mutie, si umjibu."

Nikamjibu. Nikataja jina la kidonge, na kwamba ninameza asubuhi na jioni tangu mwezi wa kumi mwaka wa 94, wiki chache baada ya uwanja. Tumbo lilikuwa limerudi, na mimi tayari nilikuwa nimepewa kwaya. Daktari hakushtuka hata kidogo. Aliandika, akaongeza muda wa mashine, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mchungaji alifunga Biblia akatoka nje akasimama dirishani, mgongo kwetu.

Sasa ninakaa benchi ya nyuma kanisani mpaka mwezi wa tisa, na Kivuva anaongoza kwaya, Mungu atusaidie. Mchungaji alikuja nyumbani akaniambia kanisa halijawahi kukataza dawa, yeye mwenyewe ana za presha, lakini ushuhuda ulioacha kuwa kweli ulipaswa kurudishwa.

Mutindi alingoja mpaka nilipotoka hospitalini. Akasema, "Kifua ningezoea. Kukuuliza kitu na wewe unaniongelesha habari ya mvua, hiyo siwezi." Akaenda kwao. Nimemwandikia mara mbili, hajajibu.

Mutie


Kitui,
8 Juni 1996

Mutie wangu,

Nilisoma barua yako kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, nikakaa humo mpaka wakanitafuta. Nimelia, nimekutukana kwa Kikamba na Kiswahili, nimemshukuru Mungu. Aftin sijui nimpe nini. Nimemtumia asali, ile ya Mwingi, Jonah atashusha Malili.

Usijikaze kunijibu kuhusu hasira za mwezi wa nne. Nami nilikuandikia kama askari. Ningekuja mwenyewe Mukuyuni badala ya kutuma maswali, pengine ungejibu. Hatutalijua hilo.

Acha cimetidine. Daktari Samatar ameandika barua, imo ndani ya bahasha hii, uipeleke Machakos. Watakupima tumbo kwa kamera, na anasema siku hizi vidonda vingine vinatibiwa kwa dawa za kuua viini, wiki mbili tu, vikaisha. Mpaka hapo utapata dawa nyingine isiyo na shida hizi. Kuhusu kifua, amesema kisiguswe na mtu yeyote. Nilimuuliza upande wa kulia utakuwaje, akainua mabega. Anasema umekimeza chini ya miaka miwili na uvimbe una mwaka tu, basi tungoje tuone. Hajui, na amekiri hajui, ndiyo maana namwamini.

Mutindi usimwandikie tena. Panda Kilungu umjibu mdomo kwa mdomo, kila atakachouliza, hata kama ni mbele ya baba yake.

Mama mwambie nimejua.

Dada yako,
Nzilani


Mukuyuni,
20 Oktoba 1996

Dada yangu Nzilani,

Salamu kutoka kwa watu wazima wa afya. Mama ananyooka akitembea, lakini ni kwa sababu ya fimbo aliyoletewa na Aftin, ambaye sasa anakuja hapa kama mtoto wa nyumba na kumaliza maziwa yetu. Mvua imeanza vizuri, tumepanda. Tumbo walilitazama kwa kamera, wakanipa zile dawa za wiki mbili, na tangu mwezi wa saba nimekula muthokoi wa mahindi na maharage hata usiku bila kuamshwa na maumivu. Mchungaji ametaka nilisimulie hilo kanisani, lote, na majina ya dawa. Nililisimulia nikiwa benchi ya nyuma, nimesimama. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini baadaye wazee wawili walinifuata dukani, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza taratibu jina la daktari.

Kilungu nilipanda ulivyosema. Nilipanda mara tatu. Mara ya kwanza Mutindi aliuliza maswali na baba yake akawa ameketi pale anachonga mpini, nami nikajibu yote, masikio yangu yakiwaka moto. Mara ya pili aliuliza mengine. Mara ya tatu hakuuliza kitu, alinipa chai.

Juzi alikuja mwenyewe dukani, ametoka shuleni. Kivuva akakumbuka ana jambo huko nje. Mutindi akasema, "Umenieleza kila kitu isipokuwa hujanionyesha." Mlango ulikuwa wazi na ilikuwa mchana, dada, usifikirie vibaya. Nilifungua vifungo.

Upande wa kulia umelala. Umelala wenyewe, kidogo kidogo tangu Julai, ni kifua cha mwanamume yeyote wa Mukuyuni. Wa kushoto una shimo lililozama chini ya chuchu, na ngozi imejikunja pembeni kama soksi iliyolegea. Daktari Samatar ameniambia hataugusa, nami sikumwomba.

Mutindi alitazama huku, akatazama huku. Akauliza, "Ule wa daktari ni upi?"

Nikamwonyesha wenye shimo.

Alicheka mpaka akaketi juu ya mfuko wa simiti. Akacheka tena. Halafu ghafla akalia, kilio cha kweli, akanishika mkono kwa nguvu na akaniambia hakulala siku ile ya Machakos wala siku nyingi baadaye. Nilimwambia ninajua. Alipomaliza alijifuta, akanifunga vifungo mwenyewe kuanzia chini, akasema twende sasa hivi Kilungu tukampe baba yake tarehe.